Ukuta wa Mafuta na Milango Yake

Kila mama anayepika sombe amekwisha kuona jambo hili. Akimimina mawese katika chungu chenye maji, mawese hayachanganyiki na maji. Yanapanda juu na kukaa huko kama miviringo midogo myekundu. Akikoroga kwa nguvu, yanatawanyika kwa muda mufupi, kisha yanakutana tena. Mafuta na maji havipatani. Tunaona jambo hili kila siku jikoni, wala hatuulizi sababu yake. Lakini ni kwa kutopatana huku Muumba wetu alijenga kila kitu chenye uzima: mutu, mbuzi, muti wa mungazi na hata mikrobe. Na mutu akielewa namna ukuta wa mafuta ulivyo, ataelewa pia kwa nini katika lopitali tunarudilia maneno yale yale kila asubuhi: naweni mikono kwa sabuni, na mutoto anayehara mumupe maji ya chumvi na sukari.

Mwili ni kama muji mukubwa sana wenye nyumba ndogo ndogo. Nyumba hizo tunaziita chembe. Hatuwezi kuziona kwa macho matupu, lakini kwa mikroskopi zinaonekana vizuri. Katika tone la damu lenye upana wa milimita moja tu kila upande, mumo chembe nyekundu karibu milioni 4 ao 5. Kila chembe ina maji ndani yake, na nje yake kuna maji pia. Basi ni kitu gani kinachotenga maji ya ndani na maji ya nje? Kama ukuta wa nyumba hii ungekuwa wa chumvi ao wa sukari, ungeyeyuka siku ile ile. Ukuta wa udongo pia hudumu tu mvua isipofika. Ukuta unaoweza kukaa ndani ya maji siku zote bila kuyeyuka ni ukuta wa mafuta.

Wataalamu wanatumia jina moja kwa mafuta yote ya namna hii: lipidi. Lakini lipidi za ukuta wa chembe si sawasawa kabisa na mafuta yaliyo katika chupa. Kila kipande chake kidogo kina kichwa kimoja na mikia miwili. Kichwa kinapenda maji. Mikia inakimbia maji na kutafuta mafuta wenzake. Ukitia vipande vingi vya namna hii katika maji, vinajipanga vyenyewe, hakuna mutu wa kuvipanga. Vinafanya safu mbili, mikia ya safu hii ikikutana na mikia ya safu ile katikati, na vichwa vikiwa nje pande zote mbili. Ni kama wasafiri waliolala usiku wa baridi chini ya blanketi moja, miguu yao ikikutana katikati, na vichwa vyao nje huku na huku.

Namna gani watu walijua kama safu ni mbili? Mwaka 1925 wataalamu wawili wa Uholanzi, Gorter na Grendel, walichukua chembe nyekundu za damu, wakatoa mafuta yake yote, wakayamimina juu ya maji mpaka yakatanda kwa safu moja. Kisha wakapima. Wakaona ya kuwa mafuta yale yanafunika nafasi mara mbili kuliko ngozi ya chembe zile. Basi katika chembe yalikuwa yamekunjwa kwa safu mbili. Ninapenda kazi yao, kwa maana vyombo walivyotumia havikuwa vya ajabu: beseni, maji, mafuta na kipimo.

Ukuta huu ni mwembamba kuliko tunavyoweza kuwaza. Ukipanga kuta 20,000 moja juu ya ingine, unene wake unakuwa sawa na karatasi moja ya daftari.

Tena si ukuta mugumu kama matofali. Unateleza na kutembea, karibu kama mafuta ya karanga katika sahani. Wale wanaoishi milimani, kwa upande wa Lubero, wanajua ya kuwa asubuhi ya baridi mawese yanaganda katika chupa, lakini mafuta ya karanga hayagandi upesi hivi. Sababu yake ni mikia. Karibu nusu ya mikia ya mawese imenyoka, inalala pamoja kama kuni zilizonyoka, imebanana. Mikia mingi ya mafuta ya karanga imepindika, nayo kuni zilizopindika hazifungiki vizuri katika mutumba mumoja. Ndivyo ilivyo katika ukuta wa chembe. Samaki wanaoishi katika maji ya baridi wana mikia mingi iliyopindika, ili ukuta wao usigande.

Kuna lipidi ingine katika ukuta, jina lake kolesteroli. Wengine walisikia jina hili kwa munganga aliyewapunguzia nyama ya mafuta, nao wanafikiri ni sumu. Hapana. Maini yetu yenyewe yanatengeneza kolesteroli kila siku, kwa sababu inasaidia ukuta usilegee sana wala usikauke sana. Inadhuru inapozidi katika damu na kushikamana katika mishipa.

Sasa tutazame sabuni, maana sabuni ni ndugu ya lipidi hizi. Mababu walipika mawese pamoja na maji ya majivu. Leo wengi wanatumia magadi makali ya duka. Kinachotoka ni kitu chenye kichwa kinachopenda maji na mukia mumoja unaopenda mafuta. Mukono ulioshika mawese hauwezi kutakata kwa maji matupu. Ukitia sabuni, mikia yake inaingia ndani ya mafuta, vichwa vinabaki katika maji, na mafuta yanavunjika vipande vidogo na kuchukuliwa. Ni vivyo hivyo kwa mikrobe nyingi. Ukuta wa mafuta unaoilinda ndio unaoiua, kwa sababu sabuni inaingiza mikia yake katika ukuta ule na kuupasua.

Virusi ya Ebola, iliyojulikana kwanza mwaka 1976 huko Yambuku, katika inchi yetu, imevaa koti la mafuta. Koti hilo si lake. Inapotoka katika chembe ya mugonjwa inajivika sehemu ya ukuta wa chembe ile, kama mwizi anayetoka nyumbani amejifunika blanketi ya mwenye nyumba. Koti likipasuka, virusi imekwisha, haiwezi kuingia katika chembe ingine. Ugonjwa ule ulipoenea katika Kivu ya Kaskazini na Ituri tangu mwaka 2018 mpaka 2020, watu 3,470 walipatwa, na 2,287 kati yao wakafa. Wakati ule ndoo za kunawia mikono ziliwekwa kwenye milango ya makanisa, ya masomo na ya soko. Watu wengine walicheka na kusema: ugonjwa mukubwa namna hii, dawa yake sabuni ya kufulia? Sabuni si dawa ya kumuponya aliyekwisha kupatwa. Lakini kwa virusi iliyo juu ya ngozi ya mukono, sabuni ya kufulia ina nguvu ya kutosha, hata kama haina harufu nzuri wala karatasi ya rangi. Virusi ya surua na ile ya Kovidi zina koti la namna hiyo hiyo.

Tuseme kweli yote: mikrobe zingine hazina koti la mafuta. Virusi ya polio ni mojawapo. Sabuni haiipasui, lakini inaing’oa katika ngozi pamoja na uchafu, na maji yanaichukua. Kwa hiyo maji lazima yamwagike juu ya mikono na kuanguka chini. Desturi ya kupitisha beseni moja mbele ya wageni 10, kila mutu akichovya vidole vyake katika maji yale yale, ni desturi ya heshima, lakini si kunawa. Mugeni wa mwisho anapokea uchafu wa wote. Afadhali mutoto asimame na birika na kumimina.

Mutu mwenye akili atauliza: kama sabuni inapasua kuta za mafuta, mbona haipasui mikono yetu? Ni kwa sababu safu ya juu ya ngozi ni chembe zilizokwisha kufa, zimekauka kama maganda, zinafunika zile zilizo hai. Lakini sabuni ikiingia jichoni, unalia mara moja, maana kule chembe zilizo hai ziko karibu sana. Matumbo pia hayana ganda la namna hii. Ndiyo maana tunakataza kabisa kumupiga mutoto bomba la maji ya sabuni ao la majani makali. Wazazi wengine wanafanya hivyo ili wasafishe tumbo. Hawasafishi, wanaumiza chembe za utumbo zilizo hai, na mara nyingi mutoto anafikishwa kwetu hali imekwisha kuwa mbaya.

Nyumba isiyo na mulango ni kaburi. Ukuta wa chembe nao lazima uwe na njia za kuingia na kutoka. Vitu vingine havihitaji mulango. Hewa safi tunayovuta inapita katika mafuta bila kuzuiwa, na hewa chafu inatoka vivyo hivyo. Dawa ya usingizi ya munganga mupasuaji inapita upesi, kwa sababu inapatana na mafuta. Kwa njia hiyo inafika katika ubongo. Pombe pia inapita bila kubisha hodi. Mama mwenye mimba akinywa, pombe inapita kuta zote mpaka kwa mutoto tumboni, wala hakuna ukuta katika mwili wake unaoweza kuizuia.

Chumvi na sukari haviwezi kupita hivi. Vinapenda maji, na katikati ya ukuta ni mafuta matupu. Kwa ajili yake kuna milango iliyojengwa kwa protini, nayo inaelea katika ukuta kama mitumbwi juu ya ziwa. Singer na Nicolson wa Marekani walieleza mufano huu mwaka 1972, nao umesimama mpaka leo. Maji yenyewe yanapenya kidogo katika mafuta, lakini mengi yanapita kwa milango yake. Peter Agre alitambua mulango wa maji mwaka 1992, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Kuna sheria moja ya kukumbuka: chumvi ikihama, maji yanaifuata. Wauguzi wanajua jambo hili kwa serumu. Ukitia chembe nyekundu za damu katika maji matupu, maji yanakimbilia ndani kwenye chumvi, chembe zinavimba, kisha zinapasuka. Ndiyo maana serumu ya chumvi ina gramu 9 za chumvi katika kila lita, sawa na maji ya damu, na hakuna muuguzi anayeweza kuingiza maji matupu kwa wingi katika mushipa wa mugonjwa.

Sasa tumefika kwenye kolera.

Mikrobe ya kolera inaingia kwa maji ao chakula chenye uchafu wa choo. Haitoboi chembe za utumbo. Inakaa juu yake na kutoa sumu. Sumu hiyo ina sehemu tano kama vidole vitano vya mukono, na kwa vidole hivyo inashika lipidi moja ya ukuta, iliyo na sukari kichwani. Ikikwisha kushika, sehemu yake ya sita inaingia ndani ya chembe na kutoa amri ya uwongo. Milango inayotoa chumvi inabaki wazi, mchana na usiku. Chumvi inatoka kwenda katika utumbo, na maji yanaifuata. Mugonjwa anahara maji meupe kama maji yaliyooshea muchele. Mutu mukubwa aliyeshikwa sana anaweza kupoteza lita moja katika saa moja. Aliyekuwa muzima asubuhi anaweza kufa kabla ya jua kushuka. Haui kwa homa ao kwa kidonda. Anakufa kwa kukauka.

Wengi wetu tunakumbuka Goma, mwezi wa saba mwaka 1994. Watu waliokimbia vita vya Rwanda walifika kwa wingi sana katika siku chache, wakakaa juu ya mawe ya volkano, mahali pagumu kuchimba choo ao kaburi. Kolera ikaingia, nyuma yake kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza watu karibu 50,000 walikufa.

Lakini sumu ya kolera haiharibu milango yote. Katika ukuta wa chembe za utumbo kuna mulango mumoja unaobaki muzima kabisa, nao una desturi ya ajabu: unapitisha sukari na chumvi kwa pamoja. Sukari ikifika bila chumvi, haipiti. Chumvi ikifika bila sukari, haipiti kwa mulango huu. Zikifika zote mbili, zinaingia zikishikana mikono, na maji yanazifuata ndani ya mwili. Robert Crane alieleza desturi hii mwaka 1960, katika mukutano wa wataalamu kule Prague. Basi hata milango mingine ikiwa inamwaga, huu unaweza kurudisha. Anayekunywa atahara bado, tusidanganyane, lakini kinachorudi kinashinda kinachotoka.

Mwaka 1971 jambo hili lilijaribiwa kwa shida kubwa. Vita vilikuwa katika inchi inayoitwa leo Bangladesh, na watu wengi walikimbilia India. Katika kambi ya Bangaon kolera iliua karibu watu 30 kwa kila wagonjwa 100. Serumu ya mishipa ikakwisha. Munganga Dilip Mahalanabis akaamuru chumvi na sukari zichanganywe katika mapipa ya maji, na wagonjwa wanyweshwe na ndugu zao wenyewe. Waliokufa wakapungua, hawakufika 4 kwa 100. Hawa walionyweshwa na mama zao, dada zao na jirani zao, kwa kikombe.

Ninaandika haya kwa urefu kwa sababu ya neno tunalolisikia mara nyingi kwenye mulango wa lopitali. Baba anafika na mutoto mikononi, muuguzi anamupa kikombe na kijiko, na baba anakasirika: “Munganga, nilitembea tangu usiku ili mutoto wangu apewe serumu, nawe unanipa maji ya jikoni?” Baba, si maji ya jikoni. Ni serumu inayopita kwa mulango ule mumoja ulio wazi. Sindano tunaihifadhi kwa yule asiyeweza kunywa. Na kosa lingine ni baya zaidi: kumunyima mugonjwa maji ili tumbo lipumzike. Utumbo haupumziki kwa kunyimwa. Milango ya kutoa haifungwi. Ni mwili tu unaoendelea kukauka.

Afadhali kutumia pakiti ya unga inayotolewa kwenye santé: pakiti moja katika lita moja ya maji safi. Pimeni lita vizuri. Chupa kubwa ya bia haifiki lita moja, nanyi ndugu wa kanisa musiulize nimejuaje. Kama pakiti haiko, chukueni lita moja ya maji yaliyochemka na kupoa, tieni vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazishwa kwa kisu, visiwe vya kilima. Onjeni: chumvi isizidi ile ya machozi. Chumvi nyingi ni hatari kwa mutoto, na sukari nyingi inavuta maji kurudi katika utumbo na kuongeza kuhara.

Mutoto asiyetimiza miaka 2 mumupe nusu ya kikombe kidogo, ndiyo mililita 50 mpaka 100, kila mara anapohara. Mwenye miaka 2 mpaka 10 apewe mara mbili yake. Mukubwa anywe kwa kadiri anavyotaka, na zaidi. Akitapika, ngojeni dakika 10, kisha muanze tena kwa kijiko, polepole. Mama asiache kunyonyesha. Mukiona macho yameingia ndani, analia pasipo machozi, ngozi ya tumbo ikifinywa inakawia kurudi, ao anasinzia wala hawezi kunywa, musingoje asubuhi. Mumuchukue lopitali usiku ule ule, na njiani muendelee kumupa kwa kijiko kama angali anameza. Maji yaliyochanganywa yanatumika siku moja tu. Yakibaki, yamwagwe, na mengine yatengenezwe kesho yake.